Jino la Upande wa Kushoto

Manyatta, Kisumu
Jumapili usiku

Mwanangu Omondi,

Wanaojua kuandika barua huanza kwa kusema kwamba wao ni wazima na hofu yao ni kwa aliye mbali. Wewe hata mbali hujafika. Umelala chumba cha pili, pazia tu ndilo lililo kati yetu, na hofu imeanza kabla ya safari. Mimi ni mzima kiasi cha mtu aliyeshinda sokoni Kibuye tangu asubuhi akiuza nguo za watoto. Miguu imevimba na mgongo unaongea wenyewe. Nimechoka, na sitajifanya sijachoka ili barua ipendeze.

Utaikuta juu ya viatu vyako. Nimeiweka hapo kwa sababu huwezi kuondoka bila viatu, na nataka uisome kabla hatujatoka, si ukiwa umeshafika Meru.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala sabuni, wala kuamka mapema. Chuo cha ualimu kitakufundisha hayo kwa kengele. Hata ile sindano yako ya kila mwezi sitaitaja. Makalio ni yako, unayajua kuliko mimi. Nataka kukuandikia habari ya jino.

Ndiyo, jino. La chini, nyuma, upande wa kushoto. Ulidhani sijui.

Tangu wiki ya juzi unatafuna upande wa kulia tu. Baba yako alileta muwa, ukampa jirani, wewe ambaye tangu utotoni muwa ukipita njiani unaufuata mpaka kwa mwenyewe. Chai unaiacha ipoe. Halafu kuna harufu ya karafuu chumbani kwako, na nyumba hii haijapika pilau tangu Krismasi. Jana watu wa kanisa walipokuja kukuaga, ulicheka mkono ukiwa shavuni. Baba yako akakuuliza kama anayemwita rafiki, "Omera, uko sawa?" Ukamjibu, "Niko poa, mzee." Kisha ukanitazama mimi, nami nikageuka nikajifanya ninamimina chai.

Kwa hiyo tuko wawili tunaoficha. Najua unachoogopa kwa sababu ndicho ninachokiogopa mimi. Barua ya chuo ilipokuja, baba yako aliisoma, akaikunja, akasema mbele yetu sote, "Huyu akiwa na shida yoyote ya mwili, hapandi basi." Na yeye akisema, amesema. Mwaka jana ulikosa nafasi kwa kikohozi ambacho mtoto mwingine yeyote angekohoa akienda zake. Mwaka mzima umekaa hapa ukinisaidia kupanga nguo na wenzako wakiandika kutoka walikokwenda. Ukikosa na mwaka huu, sijui kama utaomba tena. Mimi nisingeomba.

Lakini moyo wako ndio huo huo mmoja, una kovu lake, na jino linaoza. Hayo mawili hayawezi kukaa nyumba moja kwa amani. Yalikwisha kaa, na ni mimi niliyeyakaribisha. Wewe unakumbuka sindano na wali wa hospitali. Yaliyotangulia huyakumbuki, au uliambiwa nusu yake. Nataka uondoke na habari nzima.

Ulikuwa darasa la sita, wakati ule wa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shule, ukarudi kutoka shuleni shavu limejaa. Kesho yake ilikuwa siku ya soko Sondu, na mimi nilikuwa nimefungua mtumba mpya, sweta za watoto, tena kipindi cha mvua ambapo watu wa kule juu kwenye baridi wanazigombania. Nikakutazama, nikaona jino lina shimo. Nikasema, ni jino tu.

Ujue, kwetu hapa jino si ugonjwa. Homa ndiyo ugonjwa. Mtu akishikwa na homa watu wanakuja na uji, wanakaa mkekani, wanaomba. Mtu akiumwa jino wanamcheka, wanamuuliza kama ameficha embe shavuni. Hospitali hupelekwa homa. Jino hupelekwa dukani. Nami nikalipeleka dukani. Nilinunua rangi mbili, zile kapsuli ambazo kila kioski cha Manyatta kilikuwa nazo kwenye chupa karibu na peremende. Nikaifungua kapsuli, nikamimina unga wake ndani ya shimo la jino, nikaziba kwa pamba. Nikakuambia, "Usiongee sana leo." Ukaenda shule, nami nikaenda Sondu, na sweta zikaisha zote.

Maumivu yalipoa. Nilijisifu, Omondi. Nilimwambia mama wa jirani, naye akamfanyia mtoto wake vivyo hivyo. Kumbe tulituliza kelele tu, ule uozo ukaendelea na shughuli zake chini ya pamba.

Halafu ikaja homa. Si kali. Homa ya jioni jioni, asubuhi unaamka umelowa jasho lakini unatembea. Sasa mtu wa Kisumu akisikia homa hahitaji kuambiwa. Ziwa lile pale, mbu hawa hapa. Nikakupa klorokwini. Ulijikuna mpaka ukachubuka, ukasema siafu wameingia chini ya ngozi. Homa ikaondoka kidogo, ikarudi. Nikakupa tena. Ikarudi tena. Nikasema labda dawa ya duka hili imezeeka, nikanunua duka la pili. Nilibadilisha duka, sikubadilisha mawazo.

Ukakonda. Kola ya shati ikawa inazunguka shingo. Ulikuwa ukitumwa maji unakaa chini kabla ya kufika bombani, na baba yako akasema umekuwa mvivu, nami sikumjibu kwa sababu kusema ukweli nilikuwa nimeanza kudhani hivyo pia. Siku uliyoshindwa kupanda kitandani mwako mwenyewe ndiyo siku niliyokubeba kwenda hospitali kubwa.

Daktari aliyekupokea alikuwa mama wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilianza kumsomea: malaria, klorokwini, malaria, klorokwini. Hakunisikiliza. Alishika vidole vyako, akazitazama kucha moja moja.

"Mama, hii mistari imeanza lini?"

Nilitazama. Chini ya kucha kulikuwa na vimistari vyembamba, vyekundu vyenye weusi, kama miiba ya omena, wale dagaa wetu. Nilikuwa nimekukata kucha zile kila Jumamosi na sikuviona.

Akasikiliza kifua chako kwa muda mrefu, amefumba macho. Kisha badala ya kuniambia habari ya kifua, akasema, "Hebu nione meno." Akachungulia na tochi. Akauliza, "Nani alitia kitu hapa?"

"Mimi."

"Ulitia nini?"

"Rangi mbili."

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Aliketi ukingoni mwa kitanda chako, akanieleza polepole, kwa Kiswahili chetu hiki cha Kisumu, na maneno yale nimeyabeba mpaka leo.

"Mama, mate ya kila mtu iko na wadudu. Mimi niko nao, wewe uko nao, wengi sana. Wakikaa kwa mdomo hakuna shida, hapo ndiyo kwao. Lakini jino ikioza mpaka ndani, wanapata njia ya kuingia kwa damu. Moyo ikiwa mzima, wanapita, mwili inawamaliza. Huyu moyo yake iko na kovu. Wadudu wameshika hapo kwa kovu, wamejenga. Hiyo ndiyo homa unaita malaria."

Nikamuuliza kovu limetoka wapi, maana hukuwahi kuanguka wala kuchomwa kifuani. Akaniuliza kama uliwahi kuumwa koo, kisha magoti yakavimba. Hapo nikakumbuka. Ulikuwa darasa la pili. Koo liliuma siku chache, baadaye goti likavimba, likapona, likavimba la pili, kikafuata kiwiko. Watu walisema mtoto anarefuka, mifupa inajivuta. Nilikukanda kwa maji ya chumvi na kukuambia utakuwa mrefu kama babu yako. Kumbe ni koo lile lililokwenda mpaka kwenye moyo na kuacha alama.

Tangu utoto wangu Mumias nilisikia kwamba kinywa ni jumba la maneno. Hakuna aliyeniambia kwamba jumba hilo lina wapangaji wengine pia, na kwamba ukuta ukibomoka hawabaki sebuleni. Sisi tulidhani mdomo ni wa kulia chakula na kusengenyea tu, mwili unaanzia shingoni.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Ni habari ya Dani.

Dani, nyanya yako mzaa baba, alitolewa meno sita ya mbele ya chini akiwa msichana, kama walivyofanyiwa watu wote wa rika lake huko Nyakach. Ulipokuwa mdogo ulipenda kutia kidole kwenye pengo lile, naye anajifanya anakuuma, unapiga kelele mpaka nje. Ni yeye aliyekulisha samaki kwa mara ya kwanza. Anachukua mnofu wa ngege, anautafuna taratibu, anautoa, anakutilia mdomoni. Si uchafu wala ujinga; ngege ana miiba, na ulimi wa mtu mzima unaukuta mwiba kabla koo la mtoto halijaukuta. Watoto wa pwani hii ya ziwa wamelelewa hivyo. Mimi, msichana niliyeolewa kutoka kwingine, niligeuza uso, lakini sikusema kitu kwa sababu nilikuwa mgeni na Kijaluo changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu.

Basi umelala wodini, una mpira wa dawa mkononi, na Dani akaja kukuona. Alitembea, akapanda gari, akatembea tena, na mfuko wa viazi vitamu kichwani. Akataka kukubariki kama wazee wao wanavyobariki, kwa mate kidogo kifuani na maneno ya kukuombea uzima. Akasogea kitandani, akakufungua kifungo cha shati.

Nami katika yote aliyonieleza daktari nilikuwa nimeshika neno moja tu, mate. Nilisimama kati yenu. Nikasema kwa sauti, wamama wote wa wodi wakisikia, "Usimguse. Ni mate yako ndiyo yanamuua mtoto."

Wamama wakageuka kututazama. 

"Nyar Mumias," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Mumias. "Umesema hivyo mbele ya watu?"

"Nimesema."

Akachukua ncha ya leso yake, akajifuta midomo, polepole, kama mtu aliyemaliza kula. Akaacha viazi chini ya kitanda, akaenda. Wewe ulikuwa na homa, ulitazama dari. Nimeomba mara nyingi kwamba hukusikia.

Siku zilizofuata sikuona haya hata kidogo. Niliona nimekutetea. Nilingoja daktari apite ili anithibitishie, nikamwambia, "Nyanyake alikuwa anamtafunia samaki. Si ndiyo hiyo imeleta?"

Akatoa tochi yake. "Hebu nione meno yako wewe."

Nilifanya kama alivyoniagiza. Unajua meno yangu ya wakati ule. Chai ya sukari nyingi tangu ujana, mandazi, na daktari wa meno sikuwahi kumwona. Alimulika tochi, akaizima.

"Uji yake, ulikuwa unaonja kwanza?"

"Kila kijiko. Ulikuwa moto."

"Na kijiko ilikuwa moja?"

"Hiyo hiyo."

"Hawa wadudu wa kutoboa meno, mara mingi mtoto anawapata kwa mtu anamlisha. Inaweza kuwa nyanya. Inaweza kuwa wewe. Lakini nyanya sijaona mdomo yake, yako nimeona."

Mimi nilikuwa nimeuona mdomo wa Dani kila siku. Asubuhi hasalimii mtu kabla hajakaa nje na kijiti chake, anakitafuna ncha mpaka inakuwa brashi, anasugua jino moja moja, anasukutua, anatema mbali, ndipo anauliza mmelala vipi. Meno aliyobakiwa nayo yalikuwa meupe yote. Mwenye mashimo alikuwa mimi, niliyegeuza uso.

Nadhani daktari aliona nilivyoshuka, kwa sababu alinishika bega. "Mama, usiende nyumbani kulia juu ya kijiko. Kila mama analisha hivyo. Kijiko haikuleta yeye hapa. Kuchelewa ndiyo imeleta."

Walikutibu wiki nyingi kwa sindano, ukatoka mwembamba lakini unatembea, na sindano ya kila mwezi ya kuzuia koo lile lisirudie moyo. Jino waling'oa, wakakupa dawa kwanza kwa sababu ya moyo. Yangu pia yaling'olewa baadaye, moja baada ya jingine, ndiyo maana siku hizi nikitaja neno lenye s unanitania kwamba nimewasha redio vibaya.

Ulipopata nguvu nilikwenda Nyakach peke yangu. Nilimkuta Dani anapepeta mtama. Nilisimama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Nilikusingizia."

"Kaa chini, utaziba upepo."

Nikakaa. Akaendelea kupepeta. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ili nielewe vizuri, "Mimi walitoa meno yangu sita, ati siku taya ikikataa kufunguka, uji ipite hapo. Sasa mimi nitakuuma na nini, Nyar Mumias?" Akacheka, nami nikacheka huku nikilia. Tukala. Alinipa kuku, na anayekupa kuku huko kwao amekusamehe.

Lakini hakukulisha tena kwa mkono wake. Wala hakukubariki kwa mate kifuani, mpaka leo. Nilimuuliza mara moja, akaniambia, "Nimesamehe. Mkono ndiyo imekataa." Krismasi iliyopita uliniambia kwamba Dani anawapenda watoto wa shangazi yako kuliko wewe, anawashika vichwa, anawatemea baraka, wewe anakupa mkono kama mgeni. Ulisema kwa mzaha, lakini niliona uso wako. Nikakujibu kwamba wazee wana mambo yao. Mambo hayakuwa yake, Omondi. Ni mimi niliyekunyima. Hilo ni jambo dogo ukilinganisha na moyo, najua, lakini ndilo ninaloamka nalo.

Usidhani nimejifunza mengi katika hayo. Nimejifunza kwamba nikiogopa, natafuta wa kumlaumu kabla sijatafuta wa kunisaidia. Najua hivyo, na bado nafanya. Wiki hii tu nimemlaumu baba yako kwa ukali wake, nimelaumu karafuu, nimelaumu Meru kwa kuwa mbali.

Kuna kosa lingine ambalo hakuna daktari aliyeniambia, nimeliona mwenyewe jana nikikutazama umeshika shavu. Tangu utoke hospitali, nyumba hii imekuwa mahakama ya mwili wako. Ukikohoa, kikao. Ukichelewa kuamka, kikao. Ukikimbia na wenzako uwanjani, anatumwa mtu akuite. Ulikatazwa mpira, ukakatazwa kuogelea ziwani, ukakatazwa kwenda na kwaya Homa Bay kwa sababu ya vumbi. Kila ulipotuambia ukweli kuhusu mwili wako, tulikunyang'anya kitu. Mtu gani angeendelea kusema? Tulikulinda mpaka tukakufundisha kuficha. Mimi nilificha jino kwa unga wa kapsuli kwa sababu ya soko. Wewe unalificha kwa karafuu kwa sababu yetu. Ningekuandikia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo unaijua, na sisi tuliokuficha ndani ya nyumba hatuna uso wa kuitamka.

Kwa hiyo sitapiga kelele, wala sitamwamsha baba yako. Lakini nina ombi moja, na ndilo pekee katika barua hii. Popote utakapokuwa, iwe ni Meru au kwingine, iwe nipo au sipo, mtu yeyote akitaka kutia chuma mdomoni mwako, mwambie kwanza habari ya moyo. Kabla hajashika koleo. Hata akiwa na haraka, hata akikucheka. Na homa ikikujia jioni jioni, usiseme malaria kabla hujawaonyesha kucha. Wewe si mtu wa kujitibu dukani. Hilo si woga wa mama yako, ndivyo ulivyo, kama wengine walivyo wafupi.

Leo nikifunga kibanda nilipita kwa yule daktari wa meno mwenye mlango wa kijani, pale mbele kidogo ya Kibuye. Alikuwa kwake, anafagia. Nilimweleza yote. Alisema atakupa dawa ya kumeza kwanza, utakaa pale kwa muda, ndipo ang'oe. Alisema usisafiri siku hiyo hiyo. Ulale, aone umeamkaje, na ukiamka vizuri Jumanne upande basi. Nimeisoma barua ya chuo mwenyewe, neno kwa neno. Wiki nzima wanapokea wanafunzi. Jumanne si kuchelewa.

Lakini ukilala hapa kesho usiku, baba yako atajua. Hilo siwezi kulizunguka. Nitamwambia mimi, si wewe. Nitamwambia kwamba kijana wako alikwenda mwenyewe kwa daktari, kwa miguu yake, na mtu anayejua kufanya hivyo yuko tayari kukaa Meru. Atakasirika. Nimeolewa naye muda wa kutosha kujua kwamba hasira yake hukaa mlangoni, haiingii ndani. Nitasimama mpaka upande basi la Jumanne, na kama ni lazima nilale nimekalia begi lako, nitalikalia.

Kesho baba yako ataondoka alfajiri kwenda kazini Milimani, kule anakojenga ukuta wa wale mabwana. Atakuaga kitandani. Halafu tutabaki sisi wawili na chai. Nitabeba begi dogo, wewe utabeba sanduku. Tutapita njia ile ile ya kila siku, na mlango wa kijani utakuwa upande wetu wa kushoto, umefunguliwa.

Sitakushika mkono. Sitakohoa, wala sitapunguza mwendo, wala sitajifanya kiatu kimefunguka. Ukiingia, nitakaa nje kwenye benchi na mizigo. Ukipita, nitapita na wewe mpaka stendi, nitakupandisha basi, nitakupungia kama wamama wengine, kisha nitarudi kibandani na kila barua yako nitakayopokea nitaisoma nikitafuta homa ndani yake. Ninaogopa. Lakini una miaka ya kuwa mwalimu wa watoto wa watu, na mwili huo ni wako, si wangu wala wa baba yako.

Tangu kijiko cha kwanza cha uji mimi ndiye niliyekuambia ufungue mdomo. Kesho sitakuambia.

Ni mimi mama yako,
Nyar Mumias